Unanunua Keja Majuu? Cheki Shule Kabla ya Sebule

Uko na ndugu Marekani? Basi hii stori unaijua: msee anapata keja safi, bei poa, halafu bibi anauliza, "Na watoi watasoma wapi?" Hapo ndipo ngoma inaanza.

Hapa kwetu mtoi anaweza kaa Pipeline na asome Karen, bora basi ya shule imelipiwa. Kule, kwa shule za umma, mara nyingi anwani ya nyumba ndiyo inaamua. Ndiyo maana mitaa ya shule kali bei iko juu.

Cheki Texas. Usidanganywe na jina la mji: wilaya ya shule ya Frisco inaingia hadi sehemu za Plano na McKinney. Uliza shule ya anwani yenyewe. Tena, jimbo halikati kodi ya mshahara, lakini kodi ya nyumba ni noma, na sehemu kubwa inaenda kwa shule. Piga hesabu ya mwezi na mkopo, kodi na bima pamoja.

Ikikataa, chukua keja ndogo mtaa huo, ama kaa mpangaji kwanza. Mtoi hasomi vizuri kama kila mwisho wa mwezi nyumbani ni kelele za doo.