Mkono Uleule: Utangulizi wa Katuni za Korea Zilizoiga Japani

Wengi huingia katika somo hili kwa mlango wa uani. Mtu anakutana na Space Thunder Kids, filamu ya katuni ya mwaka 1991, na kabla hajamaliza nusu saa anagundua kwamba hadithi haishikiki. Mashujaa wanabadilika bila maelezo, roboti nao hivyo hivyo, na adui aliyekuwa akitisha dunia anatoweka kana kwamba ameitwa nyumbani. Sababu ni kwamba filamu hiyo ni shuka la viraka. Imeshonwa kwa vipande vya filamu kadhaa za Korea Kusini na kutolewa na Joseph Lai, mfanyabiashara wa Hong Kong aliyezichukua katuni za Kikorea, akaziwekea sauti za Kiingereza na kuziuza nje kwa majina mapya. Ukitaka kucheka, cheka, nami nilicheka. Lakini kitambaa chenyewe kilifumwa Seoul, na huko ndiko ninakotaka twende.

Swali la kwanza la kila mgeni ni hili: kwani hawa hawakuwa wezi tu? Wahenga walimwonya mwiga tembo, na katika filamu hizi utawaona waliopasuka msamba hadharani. Hata hivyo naomba uliweke kando neno wizi kwa muda. Mara nyingine linafaa kabisa, na nitalirudia. Tatizo lake ni kwamba linatufanya tudhani kuna watu wawili, mwenye mali huku na mwizi kule, wasiojuana. Korea haikuwa hivyo. Tasnia iliyoiga katuni za Kijapani ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikizichorea studio za Japani kwa mkataba.

Tazama mwaka 1967. Januari ya mwaka huo ilionyeshwa Hong Gil-dong ya Shin Dong-hun, filamu ndefu ya kwanza ya katuni nchini Korea Kusini, iliyotokana na vibonzo vya ndugu yake Shin Dong-woo. Mwaka huohuo kituo cha televisheni cha TBC cha Seoul kilishirikiana na Wajapani wa Daiichi Doga kutengeneza Golden Bat, mfululizo wa shujaa mwenye uso wa fuvu, na vijana wa Kikorea wakajifunzia kazi humo. Baadaye karakana ya Kikorea ya Daiwon ikaifanyia studio ya Toei ya Japani kazi ya mfululizo wa Galaxy Express 999. Kufikia miaka ya 1980 Wamarekani nao walikuwa wamepanga foleni: AKOM, studio iliyoanzishwa na Nelson Shin mwaka 1985, ndiyo iliyokuja kuchora The Simpsons. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wa kawaida wa kibarua. Tokyo ilibaki na hadithi, sura za wahusika na michoro mikuu. Seoul ikapewa michoro ya kati, ile inayoujaza mwendo kutoka pozi moja hadi jingine, pamoja na kupaka rangi karatasi za plastiki angavu, moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu. Mtu akishachora ngumi ya roboti wa jirani mara elfu moja, mkono wake umeikariri. Siku akiambiwa achore roboti wake mwenyewe, unadhani mkono utakwenda wapi?

Juu ya hayo kulikuwa na siasa. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na baada ya uhuru utamaduni wa Kijapani ulizuiwa. Mataifa hayo mawili yalirudisha uhusiano mwaka 1965, lakini mlango wa filamu na muziki ulianza kufunguliwa rasmi mwaka 1998 tu, chini ya Rais Kim Dae-jung, tena hatua kwa hatua. Wakorea wana neno, waesaek, yaani rangi ya Kijapani. Kazi ikishatajwa kuwa nayo, imeharibika. Na bado katuni za Kijapani zilijaa kwenye televisheni! Ziliingizwa sauti za Kikorea, wahusika wakapewa majina ya Kikorea, chochote kilichonuka Tokyo kikafichwa. Mazinger Z, roboti mkubwa aliyebuniwa na Go Nagai mwaka 1972, alifika kwenye runinga za Korea mwaka 1975. Mtoto wa Seoul aliyempenda hakuwa na sababu ya kudhani kwamba anampenda mgeni.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Julai 1976, wakati wa likizo ya shule, ikatoka Roboti Taekwon V ya Kim Cheong-gi. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu anayeielewa filamu hii ameuelewa uwanja mzima.

Deni lake kwa Mazinger Z liko wazi: kimo, kifua chenye alama ya V, mwili mweusi na mweupe, kijana anayeliongoza lijitu la chuma lililoundwa na mwanasayansi wa familia. Kim mwenyewe hakukana kwamba Mazinger alimwathiri. Amesimulia pia kwamba kichwa cha roboti wake alikitoa kwenye sanamu ya Amiri Yi Sun-sin iliyoko Gwanghwamun, katikati ya Seoul. Yi ndiye aliyezipiga meli za Wajapani katika karne ya 16. Basi fikiria hali hii: kiwiliwili cha shujaa wa Kijapani, na juu yake kofia ya vita ya mtu aliyewashinda Wajapani. Sijui mchoro mwingine unaoueleza uhusiano wa nchi hizi mbili kwa ufupi kuliko huo.

Halafu kuna mateke. Taekwondo ilikuwa ikijengwa kuwa fahari ya taifa. Shirikisho lake la dunia lilianzishwa Seoul mwaka 1973. Kim aliwapiga picha wanamichezo halisi na wachoraji wakafuatisha miendo yao, fremu kwa fremu. Ndiyo maana roboti huyu anapogeuka na kupiga teke, uzito unahama kutoka mguu hadi mguu kama wa mtu. Mahali pengine katika filamu hiyohiyo watu wanatembea kama milango inayofunguliwa. Bajeti haikutosha kila kitu, ikabidi wachague, wakachagua teke.

Na usimsahau adui. Daktari Kaff ni mwanasayansi aliyechekwa na wenzake kwa sababu ya umbile lake, kichwa kikubwa juu ya mwili mfupi, akaapa kulipiza. Mtumishi wake Mary, msichana aliyetengenezwa kiwandani, anataka kuwa binadamu na hawezi. Katika filamu iliyopaswa kuwa ya ngumi, hawa wawili wana huzuni isiyolingana na mahali walipowekwa. Nimeonyesha sehemu zao mara nyingi kwa watu waliokuja kucheka, na ukumbi hunyamaza.

Kuanzia hapo njia inateremka. Mwaka 1978 Kim huyohuyo alitoa Jenerali Ttoli, ya mtoto wa msituni anayepambana na wakomunisti ambao kiongozi wao ni nguruwe. Propaganda isiyojificha, na thamani yake ya kihistoria ni kubwa kuliko utamu wake. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa midoli wakawa ndio wenye fedha na wenye kauli. Walikuwa na kalibu za midoli ya mtindo wa Kijapani, na filamu ya likizo ikawa tangazo lake. Ona kasi: Xabungle, mfululizo wa roboti, ilianza kurushwa Japani mwanzoni mwa 1982, na majira ya joto ya mwaka uleule Super Taekwon V akatokea na mwili unaofanana mno na wa roboti wa Xabungle. Macross ilianza Oktoba 1982. Mwaka uliofuata Space Gundam V ikatoka na ndege-roboti ya Macross, huku jina likiazimwa kwa Gundam, katuni nyingine ya jirani. Hapa neno wizi nalirudisha mezani, na sitabishana liondoke wala libaki. Nataka tu ujue kwamba kalibu ya plastiki ilikuja kwanza, hadithi ikafuata.

Neno kuhusu ubahili, maana wanafunzi hulifanya kosa hili kila mwaka. Wanahesabu mlipuko uliotumika mara nne, mhusika anayezungumza mdomo pekee ukicheza, kisha wanaandika kwamba huo ni udhaifu wa Kikorea. Mbinu hizo zilikuwa za Japani. Tezuka Osamu alipoileta Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963 aliweka akiba ya michoro ili itumike tena, akapunguza idadi ya michoro kwa kila sekunde, vinginevyo asingemudu kutoa kipindi kila wiki. Korea iliiga hadi namna ya kubana matumizi.

Mjadala wa nani alimwiga nani haujapoa. Nakala ya Hong Gil-dong iliyodhaniwa imepotea ilipatikana mwaka 2008, na iliyoitunza si nyingine ila Japani. Taekwon V, naye aliyekosa nakala nzuri kwa miaka mingi, alisafishwa kwa kompyuta na kurudi kwenye kumbi mwaka 2007. Mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imempa cheti cha usajili wa roboti, namba yake ikianza na 760724, tarehe aliyozaliwa. Mwaka 2018 mahakama ya Seoul, katika kesi ya hakimiliki kuhusu midoli, iliamua kwamba yeye ni kazi tofauti na Mazinger. Cha kuchekesha kidogo ni kwamba katika kesi ile Taekwon V ndiye aliyekuwa akilalamika kwamba ameigwa.

Anza basi na filamu ya 1976, ile iliyosafishwa. Mara ya kwanza usimwangalie roboti, utaanza kuhesabu alichoazima. Mwangalie Cheol, mtoto mdogo anayetaka naye kuwa roboti, akajivika birika la bati kichwani na kwenda vitani hivyo hivyo.