Doa kwenye picha ya kifua: ulizia kwanza picha ya zamani

Nangurukuru ni njia panda. Basi la Dar es Salaam linapokata kasi kabla ya kuendelea Lindi na Mtwara, wanaokwenda Kilwa Kivinje na Masoko hushuka hapa wakatafuta bodaboda au gari dogo. Miongoni mwao huonekana mtu aliyekumbatia bahasha kubwa ya kaki, hataki iguswe wala ikunjwe. Ndani mna filamu ya kifua na karatasi ya majibu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ameambiwa mapafu yana doa dogo, arudi baada ya miezi kadhaa. Doa la nini, hakuelezwa akaelewa, na tangu hapo halali.

Bahasha hizi zitaongezeka. Miaka ya karibuni Serikali imefunga mashine za CT-Scan katika hospitali za rufaa za mikoa, na baadhi zilinunuliwa kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19. Ni hatua kubwa kwa watu wa kusini. Lakini mashine hiyo huona vitu vya milimita mbili au tatu ambavyo eksirei ya kawaida haivioni kabisa. Mtu kapimwa kwa sababu ya ajali ya pikipiki, mbavu zimekutwa salama, ila pembeni ya pafu kukaonekana kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta.

Vitu hivyo vingi havina madhara. Kuna hata visivyokuwa ndani ya pafu: kwenye eksirei, chuchu hutoa kivuli cha duara kinachofanana na kinundu, yaani uvimbe mdogo wa ndani ya pafu, na misuko ya nywele ikiangukia shingoni au begani huweka ukungu juu ya ncha ya pafu, mahali palepale ambapo kifua kikuu hupenda kukaa. Ndiyo maana fundi wa picha anamwambia mama afunge nywele juu, avue mkufu na hirizi, ashushe kanga. Si kumdhalilisha. Hirizi yenye kipande cha chuma inaweza kumpa mtu mwenye afya "ugonjwa" asiokuwa nao.

Kuna pia mstari mwembamba chini ya pafu kwa mtu ambaye hakuvuta pumzi vizuri, labda kwa maumivu ya mbavu au kwa kulala kitandani siku nyingi. Sehemu ile ya pafu imesinyaa tu, na mara nyingi hufunguka tena mtu akianza kutembea na kupumua kwa kina.

Kubwa kuliko yote, kwetu, ni makovu. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Watu wengi waliwahi kuugua wakapona kwa dawa za miezi sita, na wengine miili yao ilipambana na vimelea wasijue kamwe kama viliwaingia. Pafu linapojitibu huacha kovu, na ndani ya kovu mwili huweka chokaa. Chokaa hiyo hung'aa kwenye picha, nyeupe kama mfupa. Kinundu kidogo kilichojaa chokaa chote kwa kawaida ni alama ya vita vilivyokwisha. Kuvu anayeishi kwenye kinyesi cha popo naye huweza kuacha alama za namna hiyo, kwa hiyo aliyewahi kuingia kwenye mapango ya milima ya Matumbi amtajie daktari, hata kama ni zamani.

Kwa kinundu kisicho na chokaa, madaktari hutazama ukubwa, kingo, umri wa mtu na kama anavuta sigara. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Fleischner Society, jumuiya ya wataalamu wa picha za kifua, unaofuatwa sehemu nyingi duniani, unasema kinundu kigumu cha chini ya milimita 6 kwa mtu asiye na hatari kubwa hakihitaji kufuatiliwa kwa picha nyingine. Ni ukubwa ulio kati ya punje ya ufuta na ya mbaazi. Kikizidi milimita 8 wanafikiria CT-Scan nyingine baada ya miezi mitatu, au kukata kipande kidogo cha nyama yake kikapimwe. Lakini mwongozo huo haumhusu mwenye saratani inayojulikana wala mwenye kinga iliyoshuka, na uliandikwa kwa kufikiria zaidi nchi ambazo saratani ndiyo hofu ya kwanza. Huku kwetu swali la kwanza ni kifua kikuu, na jibu lake liko kwenye makohozi.

Hata huko Marekani, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2011 uliwapima watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara kwa wingi, wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Katika majibu ya CT-Scan yaliyoonyesha jambo la kutiliwa shaka, zaidi ya 96 kwa kila 100 hayakuwa saratani. Na hao ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa.

Kipimo ninachokiamini kuliko vingine hakina gharama: picha ya zamani. Kinundu kigumu ambacho hakijakua kwa miaka miwili ni nadra sana kuwa saratani. Mgonjwa akitoa filamu ya miaka mitano nyuma na doa likawa palepale, kwa ukubwa uleule, mjadala umekwisha kwa dakika chache. Bila hiyo filamu atatumwa tena Lindi, safari ya kilomita zipatazo 160, au Dar es Salaam, karibu mara mbili ya hapo. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hiyo ya Dar es Salaam pale Somanga, magari yalikwama na safari zikasimama. CT-Scan nayo hubeba mionzi mara makumi kadhaa ya eksirei, hivyo hairudiwi bila sababu.

Kwa hiyo filamu isitupwe hata kama majibu ni mazuri. Isiwekwe chini ya godoro ikavunjika, wala ukutani ambako jua na unyevu wa chumvi huiharibu. Ilazwe kwenye bahasha yake, juu ya kabati, pamoja na kadi ya kliniki ya kifua kikuu kwa aliyewahi kutibiwa. Ukipewa CD, ichukue. Hospitali nazo ziache kumkabidhi mtu karatasi bila maneno. Dakika tatu za Kiswahili zinatosha kumwambia: hili ni kovu, hili tunalifuatilia, na ukiona hivi rudi haraka.

Kovu lisiposomwa vizuri linaumiza. Kuna anayeanzishiwa upya dawa za kifua kikuu kwa sababu ya picha peke yake, makohozi hayajapimwa. Tena aliyepona karibuni anaweza kupata jibu chanya kwenye GeneXpert, mashine ya kupima makohozi, kwa sababu mashine imekuta mabaki ya vimelea vilivyokufa, ndiyo maana historia yake lazima ijulikane. Na kuna vijana wa pwani wanaotafuta kazi Oman na nchi jirani zake: masharti ya afya ya nchi za Ghuba huweza kumkataa mtu kwa kovu tu, hata kama alipona kabisa. Uingereza, kwa Mtanzania anayeomba kukaa zaidi ya miezi sita, picha ikitia shaka hutaka makohozi yapimwe. Huo ni uamuzi wa haki zaidi, kwani unauliza kama mtu anaambukiza leo. Atakayekuuzia dawa ya kulifuta kovu kabla ya kupimwa anakuibia. Dawa hiyo haipo.

Yapo makovu makubwa yenye mashimo yanayoleta makohozi ya kila siku na damu miaka mingi baada ya kupona, na hayo yanahitaji daktari wa kudumu. Na ikiwa una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, unakonda au unakohoa damu, usingoje tarehe uliyoandikiwa, hata kama karatasi inasema doa ni dogo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, utoe makohozi. Katika vituo vya umma dawa za kifua kikuu ni bure.