Hatari ya kumlisha mgonjwa mahututi kupita kiasi

JAMAA za mgonjwa aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi hufarijika kuona chakula cha majimaji kikipita kwenye mpira ulioingizwa puani hadi tumboni. Wengi huamini kuwa kadiri chakula kinavyozidi ndivyo nguvu zinavyorejea. Hata hivyo, katika siku za kwanza za ugonjwa mkali, wingi huo waweza kumdhuru.

Wakati huo mwili huendelea kutengeneza sukari yake wenyewe. Chakula kikizidi, sukari hupanda katika damu, mafuta hujazana kwenye ini na hewa chafu ya kaboni huongezeka, hivyo ikawa vigumu kumwachisha mgonjwa mashine ya kupumulia. Aliyekaa na njaa kwa muda mrefu yumo hatarini zaidi: akishibishwa ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu hupungua katika damu, na moyo waweza kusimama.

Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka wa 2023 ulihusisha wagonjwa 3,044 waliolishwa kwa mpira au kupitia mshipa. Takriban nusu yao walipewa kalori 6 kwa kila kilo ya uzani kwa siku, na wengine 25, kwa wiki moja. Idadi ya vifo haikutofautiana sana, lakini waliopewa kidogo walipata nafuu mapema, na visa vya kutapika na kuharisha vikapungua.

Hii haimaanishi mgonjwa anyimwe chakula. Huanziwa kidogo, kisha kipimo kikaongezwa polepole huku damu ikipimwa. Jamaa nao wasitie chochote mpirani bila idhini ya muuguzi.