Ngazi Moja Inatosha Kukatiza Safari

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kubeba abiria jijini Dar es Salaam Mei 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, yalikuja na jambo ambalo daladala haikuwahi kuwa nalo: sakafu ya kituo inalingana na sakafu ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu hapandi ngazi. Anavuka upenyo mdogo na kuingia. Wahandisi hawakuuweka usawa huo kwa ajili yake peke yake. Abiria wasipopanda ngazi, basi hujaa na kuondoka upesi, na mama mwenye mtoto mgongoni na furushi mkononi anafaidi sawa na mzee mwenye magoti mabovu. Lakini ili afaidi, mtu huyo wa kiti hana budi kwanza kufika kituoni. Kati ya mlango wake na kituo kuna mtaro usio na mfuniko, kuna ukingo wa barabara, kuna bodaboda zilizoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, na pengine kuna daladala ya kuunganisha ambayo konda wake anataka watu walirukie gari likiwa bado linasogea. Njia ya awamu ya kwanza, pamoja na matawi yake, ina urefu wa kilometa 21 hivi. Aliyekwama kwenye mita 20 za kwanza, kilometa hizo hazimfai kitu.

Hapo ndipo mipango yetu mingi inapokosea. Ufikivu ni mnyororo, nao hukatika kwenye pete iliyo dhaifu, hata pete nyingine zikiwa za chuma kizuri namna gani. Sisi tumezoea kuhesabu pete: majengo mangapi yamewekewa njia ya mteremko, shule ngapi zimeandikisha watoto wenye ulemavu, kompyuta ngapi zimegawiwa. Kipimo kinachofaa ni kingine. Je, mtu alitoka nyumbani, akafanya alilolikusudia, akarudi? Mtoto anaweza kuandikishwa shule iliyojengewa mteremko mzuri hadi mlangoni mwa darasa, kisha akakuta mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti chake. Huyo hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji choo, na siku moja haji tena. Kwenye daftari la wilaya bado ni mafanikio. Hata mteremko wenyewe una hesabu yake: kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Baraza yenye kimo cha sentimita 60 inataka mteremko wa zaidi ya mita 7. Fundi akimwaga zege la mita mbili mbele ya ngazi, amejenga kitu cha kupigwa picha tu; mwenye kiti akijaribu kukipanda peke yake ataanguka chali.

Kwenye teknolojia pete dhaifu hazionekani kwa macho, na ndiyo maana zinasahaulika upesi zaidi. Noti mpya za Kenya zilizotoka mwaka 2019 zina mistari inayoguswa kwa kidole ili asiyeona atambue thamani yake. Jambo jema, ila kufikia mwaka huo fedha nyingi zilikuwa zimeshahamia kwenye simu. Kitochi, yaani simu ndogo ya vibonyezo, kina kinundu juu ya namba 5, kwa hiyo asiyeona anaweza kupiga *150*00#, namba ya M-Pesa nchini Tanzania, bila kukosea hata tarakimu moja. Majibu yanapokuja kwa maandishi, simu iko kimya. Atakariri mpangilio wa menyu, na kampuni ikiubadilisha atatuma fedha asikokujua, au itambidi amtajie namba ya siri mtu wa pembeni. Mwenye simu janja ana nafuu, kwani ipo programu ya kumsomea yaliyo kwenye kioo. Na Kiswahili ni lugha nyepesi kwa mashine, maana herufi zake husomwa jinsi zilivyoandikwa. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, inaweza kuisoma. Tatizo ni kile kinachopelekwa kusomwa. Mtengenezaji asipokipa kila kitufe jina, msikilizaji huambiwa “kitufe, kitufe, kitufe” na kuachwa abahatishe kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta. Tangazo la kazi nalo huchapwa kwenye kompyuta, likatiwa saini na muhuri, likapigwa picha, kisha picha hiyo ikawekwa mtandaoni. Kwa programu ya kusoma, picha hiyo mara nyingi ni ukurasa mtupu.

Nimelichagua tangazo hilo kwa makusudi, kwa sababu pingamizi la kwanza huwa ni gharama, na hapa gharama ni sifuri: maandishi yalikuwepo, mtu akayageuza picha. Majengo ni kweli yanakula fedha. Hata hivyo makadirio yanayotajwa mara nyingi huweka nyongeza ya kujenga vizuri tangu mwanzo kwenye kiasi cha asilimia moja ya gharama ya jengo. Kinachofilisi ni kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Wengine husema walengwa ni wachache. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilipata asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi kuwa na ulemavu. Ile ya Tanzania ya mwaka 2012 ilipata asilimia 9.3 ya wenye miaka 7 na zaidi. Sidhani yupo anayeamini kwamba miili ya watu hubadilika wakishavuka mpaka wa Namanga. Tofauti kubwa iko kwenye mstari wa kuhesabia. Kenya ilimhesabu mwenye ugumu mkubwa wa kuona, kusikia au kutembea, na yule asiyeweza kabisa. Mwenye ugumu wa kiasi aliachwa nje. Shirika la Afya Duniani, linalopima kwa upana zaidi, linakadiria watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya wanadamu wote. Ukitaka kuwaona wale wa ugumu wa kiasi, kaa chini ya ngazi za ofisi yoyote ya serikali isiyo na lifti uangalie wanaoshika ukuta wakipanda.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa wahasibu, linatoka kwa watu wema. Jamii yetu haimtupi mtu, wanasema. Kuna kaka, kuna jirani, kuna vijana wa kijiweni, watambeba. Ni kweli, na wengi wamesoma na kuzeeka wakibebwa hivyo. Lakini anayebebwa hachagui saa ya kuondoka, wala hawezi kuwa na siri. Namba yake ya siri inajulikana. Mwanamke kiziwi aliyefika kliniki isiyo na mkalimani wa lugha ya alama huulizwa habari za mwili wake kupitia kwa mwanawe wa miaka kumi, au kupitia kwa mama mkwe. Kuna majibu ya vipimo ambayo hakuna mtu angependa yapite njia hiyo, na kuna maswali ambayo kwa hali hiyo hatayauliza kabisa.

Suala la viziwi linatutahadharisha pia na pupa ya kumchanganya kila mtoto katika shule ya kawaida na kuita hiyo haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lakini hadhi hiyo haifiki darasani yenyewe: mtoto kiziwi akiwekwa peke yake katika darasa la wanaosikia, na mwalimu hajui alama hata moja, ananakili ya ubaoni na kuona midomo ikicheza. Lugha inahitaji watu wa kuzungumza nayo. Ndiyo maana viziwi wengi huzitetea shule zao, na mimi nawaunga mkono mpaka walimu wa lugha ya alama wapatikane kwa wingi kwenye shule nyingine. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu hoja hiyo haina nguvu. Yeye anadai mlango mpana tu.

Sheria hazikosekani. Tanzania ina ya mwaka 2010. Ya Kenya ya mwaka 2003, iliyokuja kubadilishwa mwaka 2025, iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano ya kurekebisha, na wenye magari ya abiria miaka miwili, kuanzia vifungu hivyo vitakapoanza kutumika. Panda matatu leo uone. Kasoro iko kwenye ukaguzi: mkaguzi hutazama michoro, na kwenye mchoro mteremko upo. Halmashauri zingeweza kufanya jambo jepesi kabla ya kutoa ruhusa ya jengo kutumika: kuwatuma mwenye kiti, asiyeona na kiziwi, kila mmoja kwa wakati wake, wakiwa na shida ya kawaida ya kushughulikiwa. Waingie, wapate dawati, waeleweke, waende chooni, watoke. Mfumo wa malipo wa serikali nao upimwe hivyohivyo kabla mtengenezaji hajamaliziwa fedha zake. Mkandarasi anayejua kwamba hundi yake ya mwisho inasubiri taarifa ya watu hao watatu atauliza upana wa kiti mapema, kabla hajamwaga zege.