Maji yalikuwa maangavu, samaki wakafa: kwa nini tanki jipya hukaa wiki sita bila samaki

Samaki wa kwanza alikufa Jumanne asubuhi. Alhamisi wakafa wawili. Jumamosi mpwa wangu wa miaka minane akamkuta wa nne akielea, tumbo juu. Tanki lilikuwa jipya, kioo kinang'aa, na maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililowekwa upande wa pili.

Tanki hilo nililinunua mimi, nikalipeleka nyumbani kwa dada yangu Bugwema, Musoma Vijijini, liwe zawadi ya mtoto kufanya vizuri kwenye mtihani. Tanki na samaki nilivichukua siku moja, duka moja, na muuzaji hakunieleza lolote zaidi ya bei.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Jirani alisema ni maji ya kisima. Dada alisema mtoto anawalisha mno. Mtoto mwenyewe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, ni mimi niliyewaua?" Ikabidi nitafute jibu la kweli. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na naona aibu kusema kwamba jibu lilikuwa kwenye daftari langu la biolojia la sekondari: mzunguko wa naitrojeni. Niliukariri kwa ajili ya mtihani, nikausahau siku iliyofuata.

Samaki huishi ndani ya choo chake

Samaki hutoa taka yake kubwa kama amonia, na sehemu kubwa hutoka kwenye matamvua yake, yaani anapopumua. Kinyesi na chakula kilichobaki nacho kikioza huongeza amonia. Ziwani hilo si tatizo kubwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000, maji hayakai mahali pamoja, na kuna viumbe wadogo wasiohesabika wanaoila taka hiyo. Tanki la lita 60 sebuleni halina hata kimoja kati ya hivyo. Samaki anakunywa na kuvuta hewa humohumo anamojisaidia, na amonia haina rangi. Maji yenye sumu yanaweza kuwa maangavu kuliko maji ya ziwa yenye afya.

Kinachookoa tanki ni bakteria. Kundi la kwanza huibadili amonia kuwa naitraiti. Bahati mbaya naitraiti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ya samaki na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikawa ya rangi ya kahawia. Kundi la pili huibadili naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijazidi sana. Mwanasayansi Mrusi, Sergei Winogradsky, aliwatenga bakteria wa aina hii mwaka 1890, kwa hiyo hili si jambo jipya wala siri ya wenye maduka.

Shida ni kwamba bakteria hawa huzaliana polepole. Wale wanaochachisha wali uliolala nje wanaweza kujizidisha mara mbili ndani ya dakika 20 hadi 30 mazingira yakiwaridhisha. Hawa wa tanki huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, na katika tanki jipya la kioo na plastiki karibu hawapo kabisa. Ndiyo maana tanki huwashwa likakaa bila samaki kwa wiki nne hadi sita, wakati mwingine nane. Mimi niliwapa wale wanne chini ya saa tatu.

Mtoto anamtaka Nemo

Wazazi wengi watakutana na ombi hili, kwa sababu filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 bado inazunguka kwenye simu za watoto. Nemo ni samaki wa maji ya chumvi. Ndugu zake wa karibu wanaishi kwenye matumbawe ya pwani yetu ya Bahari ya Hindi, lakini kutoka Bugwema bahari iko zaidi ya kilomita 600, na maji ya ziwa letu ni baridi, yaani hayana chumvi.

Tanki la bahari linawezekana popote, hata Bugwema, ila mzazi ajue anaingia wapi. Kila lita ya maji huhitaji takriban gramu 35 za chumvi maalumu ya tanki la bahari. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa bahari ina pia magnesiamu, kalisiamu, potasiamu na vingine ambavyo samaki na bakteria wanavihitaji. Tanki la lita 100 litakula kilo tatu na nusu za chumvi hiyo kwa kujaza mara ya kwanza tu, na kila unapobadilisha maji unachanganya nyingine. Maji yakipungua kwa joto, unaongeza maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi haipandi na mvuke. Ukiongeza ya chumvi, tanki litazidi kuwa kali wiki hadi wiki. Mawe ya kupandia bakteria yawe makavu ya kununua. Tafadhali usimwombe ndugu wa Tanga au Mafia akuvunjie matumbawe.

Halafu kuna suala la amonia yenyewe. Ukali wake hutegemea pH. Katika maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo linaloua. pH ikifika 8, sehemu hiyo hupanda hadi karibu asilimia 5. Maji ya bahari huwa juu kidogo ya 8. Kwa hiyo anayeharakisha tanki la chumvi anaadhibiwa haraka zaidi, na samaki wake ni wa bei kubwa. Kwa familia ya kandokando ya ziwa inayoanza, ushauri wangu ni maji baridi kwanza. Kanuni ya kusubiri ni ileile.

Tulivyolianza upya

Tulilimwaga tanki, tukaliosha kwa maji matupu bila sabuni. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini tuliyaacha kwenye ndoo wazi siku mbili, kwani klorini inayowekwa ili sisi tusiugue ndiyo hiyohiyo inayoua bakteria tunaowataka. Ndoo iwe na mfuniko wa wavu au ikae mahali pasipofikika. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja.

Tukaweka changarawe, kichujio cha sponji na pampu ya hewa. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni na mahali pa kushika, na makazi yao makubwa ni kwenye sponji na changarawe. Wanaoelea ndani ya maji ni wachache. Tukawasha pampu usiku na mchana. Kisha mtoto akapewa kazi: kila jioni atupie chakula cha samaki, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, ndani ya tanki lisilo na samaki. Majirani walicheka sana. Chakula hicho kinaoza, kinatoa amonia, na amonia ndiyo chakula cha bakteria. Wapo wanaotumia amonia ya chupa kwa vipimo. Nyumba yenye watoto sioni sababu ya kuiweka.

Siku ya nne maji yakawa kama yametiwa maziwa. Dada alitaka kuyamwaga. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, ingawa wingu hilo ni bakteria wengine wa kuozesha, na huondoka lenyewe.

Kifaa ambacho singekiacha ni kipimo cha matone, chenye chupa za amonia, naitraiti na naitreti. Bila hicho unabahatisha, na kama bajeti haitoshi vyote, ningenunua kipimo kabla ya samaki. Kwetu amonia ilipanda wiki ya kwanza. Naitraiti ikaonekana wiki ya pili, ikapanda na kukaa juu kwa siku nyingi hadi nikadhani kipimo kimeharibika. Kawaida huwa hivyo, kundi la pili huchelewa. Tanki huwa tayari pale ambapo unaendelea kutupia chakula kila siku, na bado amonia na naitraiti vinasoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo huku naitreti ikiwa imepanda.

Kuna njia ya mkato iliyo halali: kipande cha sponji kutoka kwenye tanki la rafiki ambalo limekaa miezi bila ugonjwa. Kisafirishwe kikiwa kimelowa maji ya tanki hilohilo. Kinaweza kupunguza kungoja kwa wiki kadhaa, ila pima vilevile.

Umeme ukikatika, na huku kwetu hukatika, maji yaliyosimama ndani ya kichujio huishiwa oksijeni na bakteria huanza kufa ndani ya saa chache. Toa sponji, iache ielee kwenye tanki lililo wazi, na uyakoroge maji mara kwa mara. Na sponji ikichafuka, isafishe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tankini. Wengi huipeleka bombani, klorini ikafuta kazi ya wiki sita kwa dakika moja.

Mambo ya afya ambayo duka halisemi

Usimtume mtoto ziwani kuchota maji, mimea au konokono wa kupamba tanki. Kichocho bado ni tatizo kwenye maeneo ya Ziwa Victoria, na vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi ya anayeingia majini. Kinachochekesha kidogo ni kwamba furu wa ziwa hili, ambao watoto wetu huwaona wa kawaida, hufugwa kwenye matanki ya wapenzi wa samaki na kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani, kwa sababu aina nyingi zilipotea baada ya sangara kuzidi ziwani. Hata hivyo hamu ya furu isimpeleke mtoto majini.

Maji ya tanki yasivutwe kwa mdomo kwenye mpira wakati wa kuyabadilisha. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono. Kuna bakteria wa majini anayesababisha vipele vigumu vinavyodumu kwa wiki nyingi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa maji. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Meza iwe imara: lita 60 ni kilo 60 kabla ya kuhesabu kioo na changarawe, na watoto hupenda kuegemea.

Na sasa lile lililonikalisha chini nikifuatilia samaki wanne. Kinachoifanya damu ya samaki kuwa ya kahawia kinaweza kumpata mtoto mchanga. Mwaka 1945 daktari wa Marekani, Hunter Comly, aliandika kuhusu watoto wachanga wa jimbo la Iowa waliobadilika rangi na kuwa na ubluu kwa kukosa oksijeni. Maziwa yao yalikuwa yakichanganywa na maji ya visima vya shambani vyenye naitreti nyingi. Tumboni mwa mtoto naitreti inaweza kugeuka naitraiti, na yaliyobaki ni yaleyale ya tankini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Naitreti hufika kisimani kutoka kwenye mbolea, zizi la ng'ombe na choo cha shimo kilicho karibu. Sisemi visima vya Bugwema vina tatizo hilo. Ninachosema ni kwamba huwezi kuiona, kuionja wala kuinusa, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, yanayobaki huwa nayo kwa wingi zaidi. Kuchemsha kunaua vijidudu, na uendelee kuchemsha kwa sababu hiyo. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinga iko nyumbani tayari: maziwa ya mama peke yake, bila maji kabisa. Ambaye kwa sababu za kitabibu analazimika kumpa mtoto maziwa ya kopo na anategemea kisima kifupi kilicho karibu na zizi au choo, azungumze na mhudumu wa kliniki kuhusu maji anayochanganyia. Midomo au kucha za mtoto zikiwa na rangi ya bluu, ni kituo cha afya saa hiyohiyo.

Tukirudi tankini: siku ya 37 amonia na naitraiti vilisoma sifuri kwa siku ya tano mfululizo. Tukabadilisha nusu ya maji ili kupunguza naitreti, tukaweka samaki wawili tu. Bakteria waliopo wanatosha taka ya siku hizo. Ukileta samaki kumi kwa mpigo, amonia itapanda tena. Mfuko wao ulielea juu ya maji robo saa ili joto lilingane, kisha wakaingizwa kwa wavu, maji ya dukani tukayamwaga nje. Wanalishwa mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza kwa dakika mbili, na robo ya maji hubadilishwa kila wiki.

Mpwa wangu ana daftari la matokeo, limechorwa mistari kwa rula. Kwenye kipimo chetu njano ni sifuri, kijani ni amonia. Wiki ya tatu sasa ameandika "njano" kila siku, na ameanza kuuliza wa tatu atakuja lini. Nimemwambia mwisho wa mwezi. Amehesabu siku.