Je, Ubongo Ulioumia Hupona?

Mtu akijikata kidole, baada ya siku chache kidonda hufunga na ngozi mpya huota. Mfupa ukivunjika huunga. Je, ubongo ukiumia kwa ajali au kwa kiharusi, nao huota upya? Jibu la swali hili lafaa lijulikane katika kila nyumba yenye mgonjwa.

Ubongo wa mtu mzima una seli za fahamu zipatazo bilioni 86, nazo hupelekeana habari kwa nyuzi nyembamba mno. Bwana Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906, alifundisha kwamba seli hizo zikifa kwa mtu mzima hazizaliwi nyingine. Neno lake likashikwa kama sheria. Mwaka 1962 Bwana Joseph Altman wa Marekani alitangaza kuwa ameona dalili za seli mpya katika ubongo wa panya wakubwa, lakini ni wachache waliomsikiliza.

Mwaka 1998 wataalamu wa Sweden na Marekani walionyesha kuwa hata katika ubongo wa watu wazima zipo seli mpya, katika sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo hipokampasi. Lakini mwaka 2018 wataalamu wengine walizitafuta kwa watu wazima wasizione. Mabishano hayajesha.

Na palipoumia je? Mwaka 2002 huko Sweden walichunguza panya waliopata kiharusi. Seli changa zilisafiri mpaka kwenye jeraha, lakini nyingi zilikufa, na zilizosalia hazikutosha kujaza hata sehemu moja katika mia ya zile zilizopotea.

Basi, mbona wagonjwa wengi hupata nafuu? Kwanza, uvimbe hupungua, na seli zilizozimia bila kufa huamka. Pili, seli zilizo hai hutoa nyuzi mpya na kujifunza kazi za zile zilizokufa. Daraja likichukuliwa na mafuriko, wanakijiji hawakai wakingoja. Hupita porini, na kadiri wapitavyo wengi ndivyo njia inavyozidi kuwa wazi. Ubongo nao hufanya vivyo hivyo: njia mpya hupanuka kwa kupitwa.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2006 huko Marekani ilitolewa habari ya wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi mitatu hadi tisa nyuma. Baadhi yao walivikwa glovu nene katika mkono mzima kwa majuma mawili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Hao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuangalie huruma zetu. Mara nyingi babu akipatwa na kiharusi sisi humlisha, humvika na kumfungia vifungo, naye mkono wake hulala bure. Tukishauriana na mganga wa hospitali, tumwache ajaribu kushika kijiko mwenyewe, ijapokuwa uji utamwagika. Bandu bandu huisha gogo.

Na sisi tulio wazima tukumbuke kwamba ubongo hutengeneza njia, lakini haurudishi vyote vilivyopotea. Apandaye pikipiki na avae kofia ngumu, kwani kuulinda ubongo ni rahisi kuliko kuuponya.