Korona Iliyokawia Mwilini: Je, Nichanjwe Tena?

Wewe unayekaa Pweto unalijua Ziwa Moero. Upepo mkali ukivuma usiku, huenda alfajiri ukakoma kabisa, walakini mvuvi mwenye akili hashushi mtumbwi wake mara moja. Mawimbi yangalipo.

Ndivyo ilivyo kwa watu wengine waliougua Korona. Homa ilikoma, kikohozi kilipungua, na majirani walisema, "Amepona." Lakini mwenyewe anajua ya kuwa hajawa kama zamani. Akibeba ndoo ya maji kutoka ziwani, kesho yake hawezi kuinuka kitandani. Akihesabu fedha za samaki, hesabu inampotea. Akisonga bukari, huketi chini kabla chungu hakijaiva.

Mtu wa namna hii huuliza, "Je, nichanjwe tena? Chanjo itaniponya, ama itanizidishia?" Swali hili ni jema, wala si la kuchekwa. Jibu moja la watu wote halipo. Basi katika kurasa hizi tutakuonyesha njia ya kulipata jibu lako mwenyewe, pamoja na mganga wako.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kongo alijulikana Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi twaliita OMS, lilieleza ugonjwa unaobaki nyuma baada ya Korona. Alama zake ni hizi: kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu mtu alipoambukizwa, dalili zake hudumu miezi 2 au zaidi, tena hakuna ugonjwa mwingine unaoweza kuzieleza.

Dalili zilizo kubwa ni uchovu, pumzi fupi, na akili kuwa nzito. Wengine moyo huwaenda mbio wakisimama. Wengine hukosa usingizi, au viungo huwauma, au pua haisikii harufu.

Uchovu huu si uvivu. Mtu akifanya kazi kupita nguvu zake, pengine siku ile hasikii vibaya. Ni kesho yake au keshokutwa ndipo anapoangushwa, na huenda alale siku nyingi. Basi ninyi mnaokaa naye nyumbani, msimwite mvivu.

PIMWA KWANZA

Angalia tena neno lile: "hakuna ugonjwa mwingine unaoweza kuzieleza." Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kusema, "Huyu ana Korona ya muda mrefu." Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mganga ni kutafuta magonjwa mengine. Kikohozi kilichopita wiki 2, kukonda, na jasho la usiku huenda ni kifua kikuu, makohozi yapimwe. Uchovu huenda ni malaria, au upungufu wa damu, au ugonjwa wa sukari, au Ukimwi, au moyo. Haya yote yana dawa. Ni hasara kubwa mtu kuita kila uchovu Korona, kumbe kifua kikuu kinamla mapafu na watoto wake wanalala chumba kimoja naye.

CHANJO YA NYONGEZA HUFANYA KAZI GANI?

Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja. Lakini mafunzo hayo hupungua nguvu miezi ikipita, na kirusi cha Korona nacho hubadilika sura. Ni kama wavu: hata uwe mzuri namna gani, ukikaa utatoboka, na mvuvi huketi akaushona tena. Chanjo ya nyongeza ni kushona wavu.

Basi shika neno hili, maana ndilo kubwa kuliko yote katika somo letu: chanjo ya nyongeza si dawa ya kuponya Korona ya muda mrefu. Kazi yake ni kukukinga usiugue tena ugonjwa mkali, na usife. Faida hiyo si ndogo kwako, kwa kuwa kuambukizwa tena kunaweza kuamsha dalili zilizokuwa zimetulia. Tena imeonekana ya kuwa watu waliochanjwa kabla ya kuambukizwa hupatwa na Korona ya muda mrefu kidogo kuliko wasiochanjwa. Lakini usiende kuchomwa sindano kwa kudhani ya kuwa kesho utaamka mzima.

WENYE UGONJWA HUU WALIPOCHANJWA, ILIKUWAJE?

Katika Uingereza waliangaliwa watu zaidi ya 28,000 walioambukizwa kabla ya kuchanjwa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2022. Baada ya sindano ya kwanza, uwezekano wa mtu kusema kwamba angali na dalili ulipungua kwa karibu 13 katika mia. Baada ya ya pili ulipungua tena kwa karibu 9 katika mia. Hiyo ni nafuu, lakini ni nafuu ndogo. Tena zilikuwa sindano ya kwanza na ya pili, si za nyongeza.

Wagonjwa wenyewe wamesimulia mambo matatu. Wako waliopata nafuu. Wako ambao hawakuona tofauti. Na wako waliozidiwa, wengine kwa siku chache, wengine kwa majuma. Basi mtu akikuambia, "Chanjo huwaponya wote," hasemi kweli. Na mwingine akikuambia, "Chanjo huwaharibu wote," huyu naye hasemi kweli.

HABARI ZA CHANJO KATIKA NCHI YETU

Wengi waliogopa kwa sababu ya mambo ya mwaka 2021. Tarehe 2 Machi dozi kama 1,700,000 za AstraZeneca zilifika Kinshasa. Kazi ya kuchanja ikaahirishwa, maana nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimesimama kuchunguza habari za damu kuganda. Kazi ilianza tarehe 19 Aprili. Lakini siku za dawa zilikuwa zinakwisha na waliokuja kuchanjwa walikuwa wachache, hata dozi kama 1,300,000 zikapelekwa nchi nyingine. Watu wakasema, "Wameziondoa kwa kuwa ni sumu." Sivyo. Ziliondolewa ili zitumike kabla ya tarehe yake ya mwisho. Kuganda kwa damu kulikuwa kweli, lakini kuliwapata watu wachache sana. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kuiondoa chanjo ile sokoni. Kwa hiyo ukichanjwa sasa, utapata ya namna nyingine, wala si vibaya kuchanganya namna mbili.

Chukua na karatasi yako ya chanjo uisome. Wengi wetu husema "nyongeza," kumbe hawajapata hata ya kwanza.

MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

1. Mimi ni wa kundi gani? Mwezi wa Mei 2023 OMS ilitangaza kwamba hatari ya ghafula ya dunia nzima imekwisha, na mwaka huohuo ilitoa shauri jipya. Wazee, na wenye magonjwa makubwa kama sukari au moyo, warudie baada ya miezi 12. Wazee sana, na wale ambao kinga yao ni dhaifu, warudie kati ya miezi 6 na 12. Mama mwenye mimba achanjwe mara moja katika mimba ile. Wanaohudumia wagonjwa nao warudie baada ya miezi 12. Lakini mtu mzima asiye na hatari hizi, akiisha kuchanjwa, kwa kawaida haambiwi arudie.

2. Ni muda gani tangu niugue, au tangu nichanjwe? Aliyeugua Korona karibuni ana kinga mpya, naye aweza kushauriana na mganga kungoja kama miezi 3.

3. Sindano iliyopita ilinitendaje? Mkono kuuma, homa ndogo na uchovu wa siku moja au mbili ni kawaida. Lakini kama ulivimba uso na kukosa pumzi mara baada ya sindano, au kifua kiliuma na moyo ukaenda mbio siku zilizofuata, usichanjwe tena kabla mganga hajasikia habari hiyo yote. Maumivu ya moyo namna hii ni machache sana, nayo huwapata zaidi vijana wa kiume. Na kama dalili zako za zamani zilizidi kwa majuma mengi, hilo nalo mwambie.

4. Hali yangu leo ni gani? Kama una homa, ama umo katika siku za kuangushwa, siyo siku ya sindano. Ngoja mpaka utulie.

Tuseme wako watu wawili. Wa kwanza ni baba wa miaka 66, mwenye sukari, aliyechanjwa miaka miwili iliyopita na kupata homa ya siku moja tu. Korona ikimrudia, yaweza kumwua. Mizani yake yainamia upande wa kuchanjwa. Wa pili ni kijana wa miaka 24, asiye na ugonjwa mwingine, aliyepata sindano mbili, na baada ya ya pili akalala majuma sita. Mizani yake yainamia upande wa kungoja. Hawa wawili wametoa majibu mbalimbali, na wote wawili wametumia akili.

UKIAMUA KUCHANJWA

Kabla ya kufunga safari, tuma mtu aulize kama chanjo ipo na siku gani. Njia ndefu juu ya pikipiki yaweza kukuangusha kuliko sindano yenyewe. Nenda asubuhi, usiende peke yako, na usisimame katika mstari; omba kuketi. Mwambie mwuguzi ugonjwa wako kabla hajachoma. Ukiisha kuchomwa, keti pale dakika 15; kama uliwahi kudhuriwa na sindano au dawa, keti dakika 30.

Panga siku tatu za kupumzika. Mtu mwingine achote maji, mwingine aende sokoni. Usianue nyavu, wala usilime, hata ukijisikia una nguvu. Kunywa maji mengi. Homa ikipita siku 2, usiseme, "Ni ya chanjo." Nenda ukapimwe malaria. Na kifua kikiuma au pumzi ikikosekana, enda hospitali saa ileile.

UKIAMUA KUNGOJA

Kungoja si kukaa bure. Fungua madirisha watu wakija wengi. Anayekohoa afunike kinywa, na wewe ujifunike pua na kinywa kwa barakoa mahali palipojaa watu. Nawa mikono. Gawa kazi zako vipandevipande, upumzike kabla ya kuchoka. Na weka siku ya kulipima swali hili tena, maana umri huongezeka, mimba huingia, na magonjwa mengine huja. Jibu la mwaka huu si lazima liwe jibu la mwaka ujao.

Na ninyi wa nyumbani, baba, mama, shangazi na wakwe, msimlazimishe mgonjwa kwenda, wala msimzuie kwa habari za sokoni. Ketini naye siku ambayo kichwa chake ni chepesi, msome maswali haya manne pamoja, mwandike majibu, mwende nayo kwa mganga. Mvuvi huamua kuingia ziwani kwa kuyatazama maji ya siku ile. Wewe nawe utazame mwili wako, usikie shauri, kisha uamue.